Ukoko

Nilijaza vitundu elfu tatu mia nne na kumi na viwili
kwa mkono, kimoja kimoja,
katika karakana ya Duqm yenye kiyoyozi kinachokohoa.
Masega bila nyuki. Utomvu mzito, unga wa kizibo,
bomba mithili ya lile la kupambia keki,
na Mhandisi Thuraiya nyuma yangu na taa yake:
"Hapa pana povu. Kwangua. Anza tena."

Povu la ukubwa wa punje ya mtama
lingetosha moto kupenyeza kidole.

Mama, kutoka Al Khoud, aliniuliza kwenye simu
ni chuma gani hicho kisichoungua.
Nikamwambia, kinaungua, mama. Kazi yake ni kuungua.
Akanyamaza. Nikasikia mwiko unakwangua sufuria.
"Kumbe ukoko," akasema.

Sikuwa na la kuongeza.
Miaka minne ya chuo, michoro, milinganyo,
na yeye keshafika kwa mwiko mmoja:
ukoko humeza moto wa chini
ili wali wa juu utoke mweupe, punje mbalimbali.

Wala si msuguano, kama watu wanavyodhani.
Ziba pampu ya baiskeli kwa dole gumba, sukuma kwa nguvu:
itakuchoma. Ndivyo ifanyavyo hewa
ikishindiliwa na kitu kisichopiga hodi,
kinachoshuka kilomita saba kila sekunde.
Ndiyo maana tumbo la chombo ni butu, pana kama sinia.
Chenye ncha huipasua hewa, nayo hukilamba uso;
kilicho butu huisukuma mbele yake ikawa mto,
na moto mwingi ukapita kando.
Uliobaki, ukoko huupokea.
Huvimba, huwa mkaa, hufuka,
hubanduka, na kila kipande huondoka na joto lake.
Kuvuja kwa pakacha.

Aliye juu mngoje chini.
Tulingoja, magari matatu,
kwenye jangwa la Jiddat al-Harasis, alfajiri,
chai ya maziwa kwenye chupa,
changarawe hadi macho yanapokoma.
Redio ikakatika. Tulijua itakatika:
kwa dakika nne chombo huvaa moto wake
na sauti haipenyi.
Kujua hakukutusaidia.
Thuraiya alihesabu kwa Kiarabu, mimi kwa Kiswahili,
hatukufika pamoja.

Kisha mwale, kama kiberiti kwenye ukuta wa giza.
Kisha mwavuli, na upepo ukauchukua upande usio wetu.

Humo hamkuwa na mtu.
Mbegu za mti wa ubani kutoka Dhofar,
kipimajoto, na kisanduku cha kumbukumbu.

Msallam, mwenye ngamia, alifika kabla yetu.
Tulipokiona chombo, saa tano ya mchana,
alikuwa amekifunika kwa blanketi lake la maua
na kulikandamiza pembeni kwa mawe.
"Jua hili," alisema, "litakiharibu."

Nilimtazama Thuraiya. Hakucheka.
Alimshukuru mara mbili, akamimina chai iliyobaki.

Ndani: nyuzi ishirini na sita.
Kwenye kivuli cha gari letu: arobaini na nne.

Nikapiga magoti nikatafuta safu zangu.
Zilikuwa zimegeuka kundi la ndimi nyeusi,
zimepasukapasuka, zikinuka kama jiko lililosahauliwa.
Unene wa kidole umekwenda na upepo wa juu.
Chini yake, utomvu, rangi ileile niliyouacha nayo,
hata kile kitundu nilichokwangua mara tatu.

Thuraiya alisaini karatasi
ili nichukue kipande, ukubwa wa ukucha.

Mama alikipokea kiganjani, akakigeuza,
akakinusa kwa muda mrefu.
"Kimeungua vizuri," alisema,
akanirudishia, akaenda kuepua.